Nilivyomfungulia Bibi Mgahawa wa Ndege

Bibi yangu alikuwa analala kwenye kitanda changu akiangalia ukuta, na mimi nalala chini kwenye mkeka nikiangalia miguu ya kitanda. Ndiyo yalikuwa maisha yetu Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu. Chumba kimoja cha kupanga, dirisha moja la nondo, watu wawili na mguu mmoja mbovu.

Mguu aliuvunjia kwao Tinde, alidondoka kutoka kwenye dungu. Kama hujawahi kulinda shamba, dungu ni kile kichanja cha miti kinachosimamishwa katikati ya mtama, mtu anapanda juu na kushinda huko akifukuza ndege. Bibi amekaa juu ya dungu tangu ana meno ya utoto mpaka meno yakaanza kuondoka tena. Mwaka huu alipanda mapema kufunga miti upya, mtama wenyewe bado unamfika magotini, ndege hata hawajaanza kupanga safari. Mti ukakatika, naye akashuka bila ngazi.

Hospitali wakamfunga hogo, ile plasta ngumu, mguu mzima. Baba mdogo, ambaye ndiye anakaa na bibi pale nyumbani, akasema yeye ana watoto wadogo na ng'ombe, ila mimi sina mke wala ng'ombe, kwa hiyo nina nafasi. Kwetu mtu asiye na mke wala ng'ombe ni kama stoo, unaweza kuweka chochote. Wakamweka bibi kwangu.

Hogo lilipokatwa, daktari akaubonyeza ule mguu, akasema mfupa umeunga vizuri, sasa atembee. Akiendelea kulala, mguu utasinyaa na hapo hakuna atakayeweza kumsaidia. Bibi akasema, "Sawa, daktari," kwa adabu zote. Tukarudi chumbani, nikampandisha kitandani, akageukia ukuta.

Shida haikuwa mguu, ilikuwa simu yangu. Simu yangu spika ya sikioni ilishakufa, kwa hiyo kila anayenipigia anaongea na mtaa mzima. Baba mdogo alipiga kuuliza hali, akasema, "Kama hawezi kutembea mwenyewe asirudi huku. Akae hapo hapo kwako. Shamba nitaliangalia mimi." Bibi alisikia kila neno. Tangu siku hiyo ukuta ndio ukawa rafiki yake.

"Bibi, twende hata mlangoni," ninamwambia.

"Mlangoni kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa niende kufanya nini?"

Bibi na mjukuu kwetu ni watani. Mimi namwita mke wangu, yeye ananiita mume wangu, na kawaida akianza kunisema, mtu wa pembeni anacheka mpaka anashika ukuta. Lakini sasa hata nikimwambia, "Mke wangu, leo umependeza," ananijibu, "Haya." Bibi aliyezoea kukutukana halafu siku moja akakwambia haya, hapo ujue hali ni mbaya.

Mimi kazi yangu ilikuwa kwenye karasha, yaani ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ninaponda mawe makubwa yawe madogo, mashine inayafanya unga, tajiri anakuwa tajiri. Siku moja tumekaa tunasubiri mashine ipoe, nikaona video kwenye simu. Bibi wa kizungu, mzee kabisa, amekaa dirishani kwake. Nje ya dirisha amening'iniza chupa iliyokatwa, imejaa nafaka. Ndege wanakuja wanakula, bibi anapiga makofi, anacheka mpaka mashavu yanatikisika.

Nimesoma mpaka la saba, na hesabu niliyoielewa ni ya kujumlisha. Bibi ukijumlisha na dirisha ukijumlisha na ndege, jibu ni kicheko. Bibi ninaye. Dirisha ninalo. Kilichopungua ni ndege. Kwamba bibi yangu na ndege ni maadui wa maisha, kwamba hata huo mguu ulivunjika kwa ajili ya ndege, hilo halikuingia kwenye hesabu. Najua unachofikiria. Mimi sikufikiria.

Nikaanza ujenzi. Nilichukua dumu la njano la mafuta ya kula, lile la lita tano, nikapasha kisu kwenye mkaa, nikalikata ubavuni kama mlango. Kile kipande cha mlango sikukitoa, nilikikunja kwa nje kiwe baraza. Chumba kikanuka plastiki mpaka bibi akakohoa, nikafurahi, angalau amefanya kitu. Nikatoboa matundu mawili, moja huku na moja kule, nikapitisha mwiko ili ndege apate pa kutua kwanza, aangalie mazingira, ndiyo aingie. Mwiko ulikuwa wa mama mwenye nyumba. Ulikuwa unakaa tu uani bila kazi, mchana ule.

Paa nilitumia helmeti. Nilikuwa na helmeti ya mgodini iliyopasuka baada ya kukutana na jiwe. Kichwa cha mwenyewe kilikuwa salama, kichwa chenyewe ni hiki. Nikaifunga juu ya dumu kwa waya, likawa kama mchimbaji mfupi mnene aliyefungua mdomo. Maji nikaweka kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka. Halafu nikakata tyubu ya baiskeli kamba kamba, nikalifunga lote kwenye nondo za dirisha, kwa nje. Na kwa kuwa kwenye video kulikuwa na vitu vinavyometameta, nikatafuta CD ya zamani nikaitundika pembeni iwe urembo. Mtama niliokota mashineni, ule unaomwagika watu wakisaga unga.

Ndege hawakuja. Alikuja kuku wa mama mwenye nyumba, akaruka, akaingia mzima mzima, akabaki kichwa nje na helmeti kichwani. Nikamtoa. Akaja mjusi, akanywa maji, akaondoka. Ndege wenyewe walikuwa juu ya bati la jirani, wanaangalia kama watu wanaoogopa kuingia hoteli kwa sababu hawajui bei.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nimesimama dirishani nakuna kichwa, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Toa hicho kisahani."

Niligeuka taratibu. Bibi alikuwa amegeuka kutoka ukutani.

"Kisahani gani, bibi?"

"Hicho kinachong'aa. Ndege wanakiogopa. Sisi tunakitundika shambani kuwafukuza, wewe unakitundika mtegoni. Mtego gani huo?"

Nikaelewa kuwa bibi anadhani nimetega. Kwetu ndege wadogo wanategwa, wanachomwa, wanaliwa, na bibi alikuwa amelala pale siku zote tatu anaumia moyoni kuona mjukuu wake hajui kutega. Sikumsahihisha. Nikatoa CD.

Kabla hata sijakaa, shomoro wa kwanza akatua kwenye mwiko. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaingia. Akaja wa pili. Wakaja watatu kwa pamoja wanasukumana mlangoni. Bibi aliinua kichwa kwenye mto, macho yamekaza, anasubiri mtego ufunge. Shomoro wakala, wakanywa, mmoja akajisaidia, wakaondoka.

"Mbona haukufunga?"

"Haufungi, bibi."

"Umeharibika?"

"Haujaharibika. Wao wanakula tu."

"Wanakula tu."

"Ndiyo. Wanakula, wanaenda."

Nje akatua mwingine.

"Halafu?"

"Halafu wanarudi."

Bibi aliniangalia kwa muda mrefu sana. Nimewahi kuangaliwa na polisi, na ng'ombe dume pia amewahi kuniangalia, lakini sijawahi kuangaliwa vile.

"Mtama?" akauliza. "Umewapa mtama?"

"Mtama, bibi."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu."

"Nipe jiwe," akasema.

Ndani kulikuwa na ndoo ya kokoto niliyoleta kutoka kwenye karasha ili nizibe tope la mlangoni. Nikampa kokoto moja. Bibi akajiinua kwa kiwiko, akakaa, akalenga kati ya nondo mbili, akarusha. Kokoto ikagonga helmeti, ngo, na ndege wote wakapotea. Bibi akabaki amekaa anahema. Tangu alipofika kwangu ilikuwa mara ya kwanza kukaa bila mimi kumshika mgongo.

"Wajinga hawa," akasema. "Na wewe mume wangu ni mjinga kuliko wao. Wao wanakula bure, wewe unalipa."

Karibu nilie. Alikuwa amerudi.

Kuanzia hapo nikajua la kufanya. Asubuhi kabla ya kwenda kazini najaza mtama, na ndoo ya kokoto naisogeza. Siku ya kwanza iko kando ya kitanda, siku nyingine iko miguuni. Baadaye iko katikati ya chumba, bibi lazima ashuke, ashike meza, achukue, arudi. Ananitukana jioni kwamba siwezi kuweka kitu mahali pake. Namwambia samahani mke wangu, kesho naiweka vizuri. Kesho iko mlangoni. Nikirudi nakuta ameshika nondo amesimama kwa mguu mmoja na nusu, mwingine anauegemeza, anawasubiri hua ambao sasa nao walikuwa wameanza kuja. Shomoro alikuwa anawadharau. Hua alikuwa anawachukia kwa jina na ukoo.

Mama mwenye nyumba alinisimamisha uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwiko wangu umeonekana dirishani kwako, una kinyesi cha ndege."

"Nitauosha, mama."

"Usinioshee. Na jana nimetafuna kokoto kwenye maharage. Mwambie bibi yako alenge au aache. Na hilo lidude ulitoe, nyumba yangu inaonekana kama ya mganga."

Neno hilo lilimfikia jirani.

Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa mchimbaji, anashuka kwenye duara, yaani shimo lenyewe, kila siku. Mtu mzuri, ila aliwahi kwenda kwa mganga akaambiwa asioge mpaka apate dhahabu, na alikuwa hajapata kwa muda mrefu. Ulikuwa unajua amerudi kabla hajafungua geti. Basi asubuhi moja anapita chini ya dirisha langu kwenda kazini, bibi akarusha, hua akakwepa, kokoto ikamkuta jirani kisogoni. Akaiokota aangalie ni nini. Akaitia mfukoni, akaenda zake. Siku hiyo hiyo, kule chini, akaukuta mkanda.

Mkanda ni mwamba wenye dhahabu. Huwa unaukuta tu kwa kuchimba, na yeye alikuwa amechimba miezi yote hiyo kama panya. Lakini kwa mchimbaji huwezi kumwambia amepata kwa sababu amechimba. Atakuangalia kama mtu usiyejua kazi. Jioni alikuja kwangu, amesimama mlangoni, upepo unatoka upande wake.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi na wewe ni majirani. Umenificha."

"Nimekuficha nini?"

"Hiyo dawa."

"Dawa gani? Hicho ni chombo cha kulishia ndege. Nimeona kwenye simu, mabibi wa kizungu wanaweka, wanachangamka."

Alicheka kwa huruma. "Kijana wa kisukuma anunue mtama awape ndege. Sisi tulichapwa viboko kwa sababu ndege wamekula mtama. Na juu kuna helmeti ya mgodini. Na bibi kizee anarusha mawe ya karasha. Sawa. Sema tu ukweli, mganga wako wa wapi?"

Nikajaribu tena kumweleza, na kadiri nilivyozidi kueleza ukweli ndivyo mwenyewe nilivyozidi kuusikia kama uongo. Mtama, mwiko, mzungu, kicheko. Ningekuwa mimi yeye, nisingeniamini.

Kesho yake walikuja wawili. Kesho kutwa wakawa foleni. Wachimbaji wazima, wana tochi kichwani na sululu begani, wamesimama chini ya dirisha wanasubiri kupigwa mawe.

"Mwangaluka, mayu," wanamwamkia mama kwa Kisukuma, hata wale wasio Wasukuma. "Tunaomba kokoto."

Bibi akanigeukia. "Hawa nao wanakula mtama?"

"Hapana, bibi. Wanataka uwapige."

"Wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu. Wanasema ukiwapiga wanapata dhahabu."

Alifikiria kidogo. "Wote?" akauliza, na nikaona macho yake yameanza kung'aa.

Aliwapiga. Mmoja ilimpata sikioni, akashukuru, "Wabheja, mayu," akaondoka anakimbia kwa furaha. Mwingine ilimkosa, akaomba arudie. Mama mwenye nyumba alitoka na ufagio kuwafukuza, akaona foleni ilivyo, akarudi ndani, akatoka na sufuria la uji na vikombe. Kuanzia siku hiyo hakutaja tena mwiko. Nilipomwambia kwamba nataka kulitoa lile dumu maana watu wamezidi, akasema nikiligusa nitafute nyumba nyingine.

Ningeweza kuvumilia yote, ila jirani alianza kutengeneza dini. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupata, kwa hiyo walimsikiliza. Akafundisha kwamba bibi ana nguvu kwa sababu yuko juu ya kitanda. Akikanyaga chini, nguvu inashuka ardhini, na dhahabu inazama.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Inaonekana tu."

Basi wakaanza kumtunza bibi asishuke. Asubuhi chai na maandazi vinapitishwa dirishani, katikati ya nondo, juu ya vichwa vya ndege. Mchana soda. Mmoja akaleta godoro nene, bibi akawa amelala karibu na paa. Wakaleta mpaka ndoo ya kujisaidia yenye mfuniko, mpya kabisa, ili asihangaike kwenda chooni. Na ile ndoo yangu ya kokoto, niliyoipigania hatua kwa hatua mpaka mlangoni, nilirudi kutoka kazini nikaikuta imepandishwa kitandani, imekaa karibu na mto, kokoto zimeoshwa.

Na bibi alipenda. Nani asingependa? Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupelekea watu chakula shambani, sasa watu wanamletea. Akawa anarusha kokoto akiwa amelala, hata haangalii. Ndege hakuwa na habari nao tena. Shomoro walinenepa wakawa wanatua kwa kishindo. Hua mmoja alikuwa analala ndani ya dumu mchana, kichwa chini ya bawa, kama mpangaji.

"Bibi, daktari alisema utembee."

"Nimetembea vya kutosha katika dunia hii."

"Na Tinde?"

Akachukua andazi. Jioni nilipomsaidia kugeuka niliushika ule mguu, ukawa laini mkononi kama wa mtoto mchanga. Nikaogopa kweli. Chombo nilichotengeneza ili asimame, sasa ndicho kinachomlaza, na nje kuna kundi la watu wenye sululu wanaohakikisha haamki.

Baba mdogo ndiye aliyetuokoa, na mpaka leo hajui. Alituma picha kwenye simu yangu, na maneno chini: shamba liko salama, mwambie mama asiwe na wasiwasi.

Niliangalia ile picha, nikakaa nayo hadi chakula kikapoa. Nilijua nikimwonyesha atakasirika. Halafu nikakumbuka kwamba hasira ndiyo dawa pekee iliyowahi kumfaa. Nikampa simu.

Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu nani kasimama katikati ya mtama?"

"Ni sanamu, bibi. Baba mdogo kaweka afukuze ndege."

"Kavaa gauni langu."

"Ndiyo."

"La kanisani. Lenye kola nyeupe."

"Naona, bibi."

"Na kitambaa changu cha kichwani." Akagusa kioo kwa kucha. "Na hivi vitu hapa begani?"

Nikasafisha koo. "Ni ndege."

"Na hapa kichwani?"

"Na hao pia."

"Wamekaa juu yangu," bibi akasema polepole. "Wanakula mtama wangu, wamekaa juu yangu, mimi nimevaa gauni la kanisani nimenyoosha mikono kama nawakaribisha."

Akanirudishia simu. Akashusha mguu mzima, akaushika ule mwingine kwa mikono miwili, akaushusha nao. Kutoka kwenye lile godoro ilikuwa safari ndefu. Nikataka kumshika, akanipiga mkono. Akasimama. Alitetemeka kama friji ya zamani, lakini akasimama, akachukua mpini wa jembe uliokuwa pembeni ya mlango, akaenda nao.

Nje palikuwa na foleni. Walipomwona mlangoni, miguu yote miwili chini, wote wakarudi nyuma hatua. Mmoja alivua helmeti. Jirani akajitupa mbele.

"Mayu, rudi kitandani. Unakanyaga chini. Unatuzamishia."

Bibi akasimama, akamwangalia, pua ikamkunjana.

"Wewe nyanda, kijana mzima, hujaoga tangu lini?"

"Mganga alisema nisioge mpaka nipate."

"Si umeshapata?"

Jirani akajinusa. Nadhani hakuna aliyekuwa amemkumbusha.

"Kaoge," bibi akasema. "Dhahabu inasikia harufu yako inahamia Geita."

Watu walicheka, foleni ikapasuka, na bibi akapita katikati yao mpaka chooni, akafunga mlango mwenyewe. Nilimsubiri nje. Akatoka. Akarudi. Akasema kesho tena, na kesho tena ikawa hivyo, akazunguka uani kwa mpini wa jembe huku wale wachimbaji wachache waliobaki wanamfuata nyuma kwa heshima, wanaokota kokoto alizokanyaga, maana dini ilikuwa imeshabadilika. Sasa nguvu ilikuwa kwenye nyayo.

Alipoweza kwenda mpaka barabarani na kurudi bila kukaa chini, tukapanda gari kwenda Tinde. Dumu niliacha dirishani. Mama mwenye nyumba alisema atalisimamia.

Baba mdogo alikuwa anatusubiri barabarani. Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, ameutandika na blanketi, amejiandaa kumbeba mgonjwa. Bibi akashuka kwenye gari, akampita yeye, akaupita mkokoteni.

"Mama," baba mdogo akasema, "kumbe unatembea."

"Mwingine kasimama shambani amevaa gauni langu, mimi nisitembee?"

Hakwenda nyumbani. Alienda moja kwa moja shambani, polepole, sisi wawili na ng'ombe nyuma yake. Mtama ulikuwa umeshakuwa mweupe. Akamvua sanamu gauni, akalikung'uta, akalikunja vizuri, akalitia kwapani. Ile miti mikavu ikabaki uchi. Halafu akaenda mpaka chini ya dungu.

Baba mdogo alikuwa ameshalifunga miti mipya, ngazi imesimama. Bibi akaweka mkono kwenye kipago cha kwanza. Akaangalia juu. Akainua mguu ule mzima, akauweka juu ya kipago, akajaribu kuupa mguu mwingine uzito wote, nikaona shingo yake imekaza. Alikaa hivyo muda. Ndege walikuwa wanashuka upande wa pili wa shamba, unasikia kabisa wanavyopasua punje.

Akaushusha mguu. Akageuka, akakaa chini kwenye kivuli cha dungu, akanyoosha ule mguu mbele yake, akaweka gauni mapajani.

"Baba yako mdogo ana ng'ombe wake," akaniambia. "Panda wewe."

"Mimi, bibi?"

"Si wewe ndiye rafiki yao. Panda. Mimi nitakwambia wako wapi."

Nikapanda. Juu kule kuna upepo na hakuna pa kuegemea, na ukiangalia chini unaona utosi wa bibi yako. Nilikaa huko mpaka mavuno yakaisha, kazi ya karasha nikaipoteza. Wanakuja kwelea, wengi kama moshi, napiga debe, napiga kelele, narusha udongo mpaka bega linawaka moto. Na chini bibi haachi kusema.

"Kushoto. Kushoto kwako, siyo kwangu. Paza sauti. Hivyo unavyowaita, mume wangu, wanadhani umewaandalia chakula."